Majimoto wa Njia ya Tandahimba

Dar hadi Mtwara sina la kusimulia, ila kiti kilichoniumiza mgongo na sahani ya wali iliyouzwa ghali kuliko kipande cha kuku kilichowekwa juu yake. Mambo yalianza tulipopita Nanyamba, gari likakata springi. Kondakta akatuambia fundi yuko njiani. Jua kali, mwezi wa nane, mikorosho imechanua. Abiria tukatawanyika kutafuta kivuli.

Nikashika tawi ili niinamie chini yake. Kufumba na kufumbua, mkono na shingo vinawaka moto. Majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini! Wanang'ata, kisha wanakunja tumbo na kumwaga tindikali palepale walipong'ata. Nikaanza kuwaponda. Mzee mwenye shamba akaja mbio.

"Mwanangu, usiwaue! Wapukute tu. Hao ndio wanaonilindia korosho."

Nikamwamkia huku najikuna. Akanivutia tawi karibu. Majani mabichi yameshonwa pamoja kama mfuko: vibarua wengine wanavuta kingo za majani, wengine wamebeba watoto wao mdomoni, na utepe wa hariri unaoshona unatoka kwa hao watoto. Kati ya mkorosho na mkorosho mzee amefunga kamba, ili kundi lipite bila kushuka chini. Chini kuna sisimizi wadogo wa kahawia, baadhi yao wenye vichwa vikubwa, ambao huwavamia majimoto na kuwafukuza kabisa.

Kisha akanionyesha mti ulio mbali na kamba. Machipukizi yake yamekauka meusi, utadhani yamebabuliwa. Hiyo ni kazi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza utomvu wa chipukizi na korosho changa. Majimoto huwawinda hao. Lakini si kwamba wanaishi kwa kuwinda tu: kwenye mashina ya majani wanafuga vidugamba, wadudu wadogo wanaojibandika kwenye mmea, wanawalinda, nao wanawapa maji matamu. Vidugamba wanaufyonza mti, kwa hiyo mkorosho nao unalipa kidogo kwa ulinzi huo. Mzee anapuliza salfa kwa ajili ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa maua, kwa kuwa majimoto hawauwezi. Dawa ya kuua wadudu haitaki, maana inaua mbu wa mikorosho na majimoto pamoja.

Hapo nikakumbuka kwetu Mbozi. Kwenye kahawa yetu, kitu chochote chenye miguu sita tunakipulizia, na vimatira, wadudu wanaoharibu kahawa, wanarudi kila mwaka. Inauma kuwaza ni fedha kiasi gani baba ametumia kununua dawa, na ni wadudu wangapi waliokuwa upande wetu wameangamia humo.

Gari jingine lilikuja magharibi, wakatutoza nauli upya, na mizigo wakaihesabu peke yake. Niliandika ujumbe kwa kaka kabla hatujafika Tandahimba: shamba la juu lisipulizwe kwanza, tulikague mti kwa mti nikirudi.