Siku Tatu za Fundi

"Siku tatu, bosi," fundi wa rangi alisema baada ya kukizunguka chumba, akikwaruza ukuta kwa ukucha hapa na pale. Siku tatu kwa chumba kimoja! Nikamwambia nitamtafuta, na sote wawili tulijua maana yake.

Jumamosi nikavaa fulana kuukuu, nikasogeza kitanda katikati na kukifunika, nikabandika tepu ya karatasi kwenye fremu za mlango na dirisha. Kuta zilikuwa na rangi ya mafuta ya zamani, ngumu, inayong'aa; mimi nilinunua rangi ya maji. Sikuona tatizo. Rola iliteleza, raha tupu, na ile sauti yake ya kunatanata ikanifanya nijione fundi kamili. Mkono wa kwanza ulipokauka nikapiga wa pili. Kabla jua halijazama nilikuwa nimemaliza, matone sakafuni, mengine kichwani, lakini chumba cheupe pe! Nilijisifu hadi nikawachosha watu.

Asubuhi nikaanza kubandua tepu. Haikutoka peke yake. Rangi iliifuata, ukanda mpana ukachunika kutoka kwenye fremu hadi karibu na swichi, laini, mzima mzima, kama gamba la nyoka. Chini yake ukuta wa zamani uling'aa vilevile, hauna hata alama. Ningeishia hapo. Wapi! Nikavuta tena kidogo, nione.

Nilimpigia fundi simu. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Aliuliza tu, "Ulipiga msasa?"

Sasa kazi ilikuwa imeongezeka: abandue kwanza ya kwangu, asugue ile ya mafuta mpaka mng'ao ufe, aoshe vumbi, azibe nyufa, apige rangi ya msingi. Siku mbili nzima kopo la rangi yenyewe halikufunguliwa. Kila alipomaliza kusugua sehemu alifumba macho na kupitisha kiganja ukutani taratibu, kisha akarudi palepale penye kauvimbe ambako mimi sikukaona hata nilipoonyeshwa.

Nililipa siku tano, bila kuhesabu makopo niliyoyamwaga bure.

Siku ya mwisho nikaomba brashi, angalau nami niguse. Akatazama huku na huku, akanipeleka nyuma ya mlango. "Hapa hapaonekani, bosi." Nywele mbili za brashi zimenasa hapo mpaka leo.