Nimeacha asidi, sasa natumia mrututu

Basi mwenzenu nimeacha asidi. Miaka sita nachapa picha kwa mabamba ya shaba, unapaka bamba nta, unachora na sindano, unalizamisha kwenye asidi ya nitriki inakula pale penye mistari tu, halafu wino, halafu mashine. Shida ni ule moshi wa kahawia asidi ikikutana na shaba, na chumba chetu kina dirisha moja, nilikuwa narudi nyumbani nakohoa mpaka mume wangu akaniuliza sigara umeanza lini.

Siku moja dogo tunayemfundisha akainamia trei aone vizuri, akatoka nje pumzi haipandi. Alipona, ila mimi chupa nilifunga siku ileile.

Sasa hivi ni mrututu, yaani kopa salfeti, ile chumvi ya shaba ya bluu, huohuo wa kupulizia kahawa na zabibu. Duka la pembejeo muuzaji ananiuliza, dada unalima nini? Nikamwambia picha. Akanipimia nusu kilo huku ananikata jicho.

Unachanganya na chumvi ya jikoni kipimo sawa, mi huanza na gramu 50 kwa 50 kwenye robo tatu ya lita ya maji, beseni la plastiki tu. Kwenye shaba haufanyi kitu, kwa hiyo nimehamia aluminiamu, yale mabamba yaliyokwisha kazi ya mashine za uchapaji, nayanunua kwa kilo nachora upande wa nyuma. Ukilizamisha tu povu linaanza, kisha tope jekundu kama kutu linajaa kwenye mistari, hiyo ni shaba inatoka kwenye mrututu, usipoliondoa linaziba, mi nalifagia taratibu na unyoya wa kuku. Bamba la kwanza niliacha nikaenda kununua vocha, narudi limekuwa chujio na beseni la moto!

Thina nayo basi, wino tunautoa na mafuta ya kula kisha sabuni ya vyombo. Inachelewesha, sikatai.

Ila jamani msidanganyane eti njia hii haina madhara. Lile povu ni haidrojeni, inashika moto, kwa hiyo sigara nje na mlango wazi. Na mrututu unaua samaki, mtaroni haumwagwi. Bluu ikishapauka natia magadi, tope linatuama, nachuja na kitambaa naliweka kwenye ndoo ya mfuniko. Ndoo imefika nusu na pa kuipeleka bado sijapata.