Siku moja gerejini Houston: sensa ya joto iliyokosa tundu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hizi ni saa zetu. Simu inaonyesha 5:30, lakini miaka yote niliyokaa Texas haijanitoa kwenye hesabu ya Tanga. Nimeswali, nimekunywa chai ya rangi, chapati mbili za jana zimo kwenye begi. Nje joto limeshaamka, lile la unyevu linalonata shingoni kama Januari pale Ngamiani.

Saa moja. Nafungua gereji. Msaidizi wangu, kijana wa Uvira, Kongo, ameshafika na amekalia ndoo. Ananiita yaya, kwao ndiyo ndugu mkubwa, mimi namwita mdogo wangu. Katikati ya gereji imesimama Ford Mustang ya 1991, V8 (silinda nane) ya lita 5.0, mali ya mzee mmoja mstaafu. Ametuletea manifoldi ya hewa (kile kipande kinachogawa hewa kwa kila silinda) iliyotoka kwenye Ford Explorer, kwa sababu njia zake za hewa ni pana kuliko za Mustang na injini inapumua vizuri zaidi mizunguko ikipanda. Jana jioni tulifunga kipande cha chini. Zile gasketi za mpira za mbele na nyuma niliziweka kando, huwa zinateleza wakati wa kukaza. Nikapaka silikoni, tukaiacha ikauke usiku kucha.

Kazi iliyobaki ukiitazama utadhani ni ya nusu saa: waya mbili zinazoning'inia, hazina pa kwenda.

Waya hizo ni za sensa ya joto la hewa (si ile sensa ya kuhesabu watu, nimeshataniwa vya kutosha), inayoiambia kompyuta ya gari hewa inayoingia ina joto gani. Kwenye manifoldi ya kiwandani ya Mustang hii, sensa imefungwa kwenye njia ya hewa ya silinda ya tano. Kwenye hii ya Explorer, mahali pale pana kinundu cha aluminiamu tu, hakikutobolewa. Ningeweza kukitoboa jana kabla ya kufunga, nikakata uzi wa 3/8 NPT (kipimo cha uzi wa bomba), mambo yakaisha. Ndivyo nilivyomshauri mzee. Akakataa katakata. Hataki manifoldi yake itobolewe, na rafiki yake kamwambia sensa ikihamishiwa mbele, kwenye hewa ya baridi, gari linaongeza nguvu.

Saa mbili na robo. Tunafunga kipande cha juu, throto (mlango wa hewa ya injini), waya wa mafuta na mipira ya vakyumu. Hapa sina cha kusimulia, ila kwamba mpira mmoja wa vakyumu ulikuwa umepasuka upande usioonekana, na kijana ndiye aliyeuona.

Saa nne. Sasa sensa yenyewe. Naipima kwanza ikiwa mezani. Ndani yake mna kitu ambacho ukinzani wake wa umeme unashuka joto linapopanda: kwenye nyuzi 20 za Selsiasi sensa hizi za Ford husoma karibu omu 37,000, kwenye 40 karibu 16,000, na kwenye 60 zinashuka hadi karibu 7,700. Mita inasema 24,500. Meza yetu iko kwenye nyuzi 30 hivi, kwa hiyo sensa ni nzima.

Kijana anaigeuzageuza. "Yaya, hii haina masi?"

Masi ndiyo tunayoiita sisi eathi, umeme kurudi kupitia bodi. Nikamwambia haihitaji bodi ya gari. Waya mmoja unapeleka taarifa kwenye pini ya 25 ya kompyuta, wa pili unarudi kompyuta hiyohiyo kwenye pini ya 46. Ukiufunga ule wa kurudi kwenye bodi kwa sababu bodi ipo karibu, unaikaribisha kelele ya umeme wa oltaneta, na kompyuta inaanza kuota joto lisilokuwepo.

"Na tukirefusha waya, haitadanganya?"

Swali zuri. Sentimita 60 za waya haziongezi hata omu moja. Mbele ya omu elfu kumi na sita, hiyo ni tone baharini. Kinachodanganya ni kiungo kibovu. Kwa hiyo tumeunga kwa risasi iliyoyeyushwa kwa moto, tukavisha mpira wa kusinyaa, tukaupitisha waya mbali na koili na waya za plagi.

Saa tano na nusu. Pa kuiweka. Mzee anataka ndani ya boksi la filta. Mimi sipendi. Boksi liko pembeni, huvuta hewa kutoka upande wa fenda, na hewa ile inapofika kwenye silinda imeshapita juu ya injini yenye moto. Nikachagua bomba la kati, karibu na throto kadiri ilivyowezekana. Pana hatari zake. Bomba hilo liko baada ya mita ya hewa, na hewa yoyote inayopenya hapo haijahesabiwa, hivyo petroli inakuwa pungufu. Na kitu chochote kikidondoka ndani kinaelekea kwenye vali moja kwa moja.

Kwa hiyo bomba tulilitoa kabisa, tukalitobolea mezani, tukalisafisha kwa kitambaa, tukafunga kiungo cha shaba chenye nati na washa za mpira pande zote mbili. Kijana alihesabu nati kabla na baada. Sikumwambia ahesabu.

Saa saba. Swala, kisha chapati. Yeye ana ugali wa muhogo na sambaza. Tunabishana kama sambaza ni dagaa. Hatukufikia mwafaka, kama kawaida.

Saa nane. Maji ya rejeta yamejazwa, petroli haivuji, injini inawaka tulipojaribu mara ya pili. Nachomoa kile kiplagi kidogo cha waya wa kompyuta cha kupimia taimingi (cheche inawahi kiasi gani), namulika taa: nyuzi 14 za mzunguko wa injini, si za joto. Kiwandani ni 10. Jana wakati wa kurudisha distributa (inayogawa cheche kwa silinda) niliirudisha kwenye alama niliyoikuta, na alama niliyoikuta ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuisogeza. Nakirudisha kiplagi, taimingi naiacha kwanza, nataka kuona kitu.

Saa tisa na robo. Jumatatu gari lilipoletwa nililiacha lingurume dakika kumi na tano limesimama, nikapima sensa ikiwa mahali pake pa zamani: volti 1.3, yaani kama nyuzi 60. Leo nimerudia vilevile, jua lilelile. Sensa kwenye bomba inasema volti 2.1. Nyuzi 40.

Hewa haikupoa hata kidogo. Kilichobadilika ni habari inayofika kwenye kompyuta. Zamani chuma cha manifoldi kilikuwa kinaipasha sensa, kompyuta ikiona joto linapanda inachelewesha cheche kidogo ili injini isigonge, yaani petroli isijilipukie yenyewe. Mafundi wa Ford waliipanga kompyuta wakijua sensa iko pale, kwenye chuma cha moto. Sasa tumeihamisha, na kompyuta imetulia, inadhani hali ya hewa ni njema.

Nikatoka nalo barabarani. Kupanda daraja la barabara kuu, gia ya nne, mguu nusu: *ka-ka-ka-ka*. Kama mtu anatikisa shilingi ndani ya kopo. Injini inagonga.

Saa kumi na nusu. Nimerudi. Distributa nimeirudisha kwenye nyuzi 10, kiplagi nilichokichomoa tena nimekirudisha mahali pake. Safari ya pili, daraja lilelile, kimya.

Saa kumi na mbili kasoro robo. Mzee anafika. Namweleza kwa Kiingereza changu cha gereji, namwonyesha namba nilizoandika kwenye kipande cha katoni. Anauliza kama anaweza kurudisha 14. Nikamwambia anaweza, akitia petroli ghali ya oktani 93, isiyogonga upesi, kila mara, au akiniruhusu siku moja nifungue tena manifoldi nitoboe kile kinundu. Pia nikamtahadharisha: baridi ya Februari ikishuka chini ya nyuzi 10, akipima kompyuta huenda ikatoa kodi 24 (namba ya hitilafu ya sensa hii), asikimbilie kununua sensa mpya.

Akaitazama manifoldi, akanitazama mimi. "Acha kwenye kumi," akasema, akalipa.

Saa moja usiku. Tunafagia. Manifoldi ya zamani iko sakafuni, na tundu lake la silinda ya tano liko wazi. Kijana ameingiza kidole humo, anapapasa uzi.

"Yaya, huyu mzee atarudi?"

"Kesho kutwa," nikamwambia. "Ameacha miwani yake juu ya boksi la spana."