Kutoka Batman hadi Cooper: jina la jimbo letu

Mwaka 2018, nilipokuwa nakaa Preston, kaskazini mwa Melbourne nchini Australia, jimbo letu la ubunge liliitwa Batman. Kila nilipowatajia jamaa zangu wa Tanga jina hilo walicheka, wakidhani ninaishi kwa yule shujaa wa katuni avaaye joho jeusi. Batman wetu alikuwa mtu wa kweli. John Batman alizaliwa Parramatta mwaka 1801, akawa mfugaji katika kisiwa cha Tasmania, kisha mwaka 1835 akavuka bahari kutafuta malisho mapya mahali ambapo baadaye pakawa Melbourne. Mwaka huo wa 2018 mipaka ya majimbo ya ubunge ya Victoria, sehemu ya Australia yenye mji wa Melbourne, ilipokuwa ikipitiwa upya, likazuka swali kama jimbo liendelee kubeba jina lake au lipewe la William Cooper, mtetezi wa haki za Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia.

Msomaji wa kwetu huenda akashangaa jambo kama hilo kuwagombanisha watu. Sisi majimbo yetu mengi tumeyaita kwa mahali, kama Muheza, Ilala au Mvita, na ukibadili jina umebadili maandishi kwenye ramani. Australia ina desturi nyingine. Majimbo ya bunge la shirikisho kwa kawaida hupewa majina ya marehemu waliolitumikia taifa kwa namna ya pekee, kwa hiyo kuliondoa jina ni sawa na kusema kwamba marehemu hakustahili heshima hiyo tangu mwanzo. Majina ya majimbo ya mwaka 1901, mwaka shirikisho lilipoundwa, hulindwa zaidi yasiguswe. Jimbo la Batman liliundwa mwaka 1906, likawa limekosa kinga hiyo kwa miaka mitano tu.

Hoja dhidi ya Batman haikuhitaji mashahidi wengi, kwa sababu shahidi mkuu ni yeye mwenyewe. Mwaka 1829, karibu na mlima Ben Lomond huko Tasmania, aliongoza kikosi kilichovamia kambi ya Waaborijini usiku. Katika taarifa aliyoiandika kwa mkono wake alieleza kwamba aliwapiga risasi mateka wawili waliojeruhiwa kwa kuwa hawakuweza kutembea. Nilipoisoma habari hiyo sikuona haja ya kuendelea kubishana kama anastahili kuheshimiwa.

Hata hivyo upo ule mkataba, na hapo ndipo mjadala uliponishika. Mwezi Juni 1835 Batman alikutana na wazee wa Wurundjeri, Waaborijini wenyeji wa eneo la Melbourne, wakaweka alama zao kwenye hati zilizodai kumpa takriban ekari 600,000. Yeye kwa upande wake alitoa mablanketi, visu, vioo, mashoka na unga, pamoja na ahadi ya kutoa bidhaa kama hizo kila mwaka. Watafiti wengi huliweka tukio hilo kwenye kingo za kijito cha Merri, nacho kinapita ndani ya jimbo lenyewe. Waliomtetea walisema kwamba, pamoja na maovu yake, Batman alikuwa mlowezi aliyekiri kwa maandishi kwamba ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Wapinzani wakajibu kwamba ule ulikuwa ulaghai mtupu, kwani wazee wale hawakuwa na dhana ya kuiuza ardhi milele, na yaelekea waliielewa shughuli ile kuwa ni ruhusa ya kupita na kukaa kwa muda.

Nakubaliana na wapinzani, ila nina neno la kuongeza. Mwezi Agosti mwaka huohuo Richard Bourke, gavana wa koloni la New South Wales, aliutangaza mkataba huo kuwa batili. Hakufanya hivyo kwa kuwahurumia Wurundjeri. Sababu aliyoitoa ni kwamba ardhi yote ni mali ya Taji la Uingereza, yaani ya dola ya mfalme, na kwamba wenyeji hawakuwa na kitu cha kumpa mtu. Ukipima madhara, tangazo lile la ukurasa mmoja liliwanyang'anya wenyeji wengi zaidi kuliko mablanketi ya Batman. Lakini Mtaa wa Bourke uko katikati ya jiji, tramu zinapita, maduka yamejaa, na katika mikutano yote miwili ya kujadili jina la jimbo niliyohudhuria sikumsikia mtu akiutaja.

Kuhusu mrithi wa jina, mwanzoni sikumtaka Cooper. Yeye alikuwa wa jamii ya Waaborijini ya Yorta Yorta, mtu wa nchi ya mto Murray, na alipohamia Melbourne katika miaka ya 1930 alikaa Footscray, upande wa magharibi, nje kabisa ya jimbo letu. Niliona kuna haki zaidi kumchagua William Barak, mzee wa Wurundjeri aliyefariki mwaka 1903, ambaye alisimulia kwamba akiwa mtoto aliwaona wazee wakikutana na Batman. Kuliondoa jina la mnunuzi na kuweka la mtoto aliyeushuhudia ununuzi kulinipendeza, labda kupita kiasi.

Kilichonigeuza ni waraka wa Cooper. Katika miaka ile ya 1930, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70 na asiye na mali, alikusanya sahihi 1,814 za Waaborijini kutoka pande mbalimbali za Australia katika ombi kwa Mfalme wa Uingereza. Mojawapo ya mambo aliyoomba ni kwamba watu wake wawe na mwakilishi bungeni. Serikali ililipokea mwaka 1937 ikakataa kulipeleka. Cooper alifariki mwaka 1941, na ombi lilifika mikononi mwa Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia nchini Australia, lipelekwe kwa Malkia mwaka 2014 tu, kwa juhudi za mjukuu wake. Mwaborijini wa kwanza kuchaguliwa katika baraza la wawakilishi, Ken Wyatt, aliingia mwaka 2010. Barak angestahili mlima, mto au daraja. Kiti cha bunge ni kitu ambacho Cooper alikiomba kwa jina.

Tume ya uchaguzi ilimpitisha Cooper, na uchaguzi wa mwaka 2019 ukafanyika kwa jina hilo. Aliyeshinda alikuwa Ged Kearney, yuleyule aliyeshinda uchaguzi mdogo wa Machi 2018 jimbo likiwa bado Batman. Jirani yangu, mzee wa Kiitaliano aliyepinga mabadiliko tangu siku ya kwanza, aliniuliza basi kimebadilika nini. Nilimsimulia habari za sahihi zile 1,814. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama karatasi zenyewe bado zipo.