Siku moja kliniki ya afya ya akili: "Alianza akiwa na umri gani?"

Saa 1:15 asubuhi

Foleni imeshafika kwenye mwembe. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali moja mkoani Tanga, na leo ni siku ya kliniki. Kabla daktari hajaingia napima uzito na presha, nachoma sindano za mwezi, na namuuliza kila ndugu aliyeleta mgonjwa mpya: haya mambo yalianza lini? Wengi hutaja siku ya fujo, siku aliyovunja dirisha au aliyotoka nje bila nguo. Mimi natafuta mwezi ule wa nyuma zaidi, mtu alipoanza kuwa mwingine taratibu na nyumba nzima ikazoea. Leo nasimulia hasa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie, aone au aamini mambo yasiyokuwepo, na jinsi umri wa kuanza unavyoubadilisha. (Wagonjwa nitakaowasimulia nimewabadilishia mambo fulani ili wasitambulike.)

Saa 2:30

Kijana wa miaka 16, kidato cha tatu, ameletwa na mama na mjomba.

"Msalimie sista," mama anamwambia.

"Shikamoo." Macho yako sakafuni.

"Marahaba, baba. Usiku umelala?"

Kimya. Anatabasamu, lakini si kwangu, kuna kitu pembeni anakitazama.

Mama anaeleza kwamba walidhani ni balehe. Kidato cha kwanza alikuwa miongoni mwa watano bora. Cha pili alama zikashuka, akaacha mpira, akaacha kuoga hadi asukumwe. Walimu wakasema mvivu. Baadaye akaanza kucheka peke yake usiku. Wakampeleka kusomewa, kisha kwa mganga upande wa Muheza. Sijawahi kumgombeza mzazi kwa hilo. Namwambia dua ziendelee, ila asifungwe kamba, asinyimwe chakula, na dawa tutakazompa zisikatizwe. Tukihesabu pamoja, inakaribia miaka miwili tangu dalili za kwanza.

Hivi ndivyo skizofrenia inayoanza kabla ya miaka 18 inavyopenda kuingia: kwa kunyata. Mtu mzima akianza kusema polisi wanamfuatilia, mara nyingi analetwa mapema zaidi. Kijana anayejifungia chumbani hamsumbui mtu, kwa hiyo anachelewa. Nauliza utotoni alikuaje. Alichelewa kusema, mama anajibu, na hakuwa na marafiki wengi. Mjomba anashusha sauti: kaka wa babu yake naye aliishi hivihivi. Si kila mgonjwa ana historia hiyo, lakini kwa wanaoanza wadogo tunaikuta mara nyingi zaidi: urithi wa ukoo una uzito mkubwa, na ukuaji wa ubongo huwa na dosari ndogondogo tangu mapema.

Daktari anaagiza vipimo vya VVU, kaswende na malaria, na mkojo kwa ajili ya bangi. Anauliza sana kuhusu kifafa, maana kuna kifafa kisichomwangusha mtu lakini kinamfanya aone na kusikia vitu. Halafu anaandika risperidoni, dawa ya kupunguza sauti na dhana potofu, dozi ndogo ya usiku. Miili ya vijana hupata madhara ya dawa hizi upesi kuliko ya watu wazima: shingo kukakamaa, mikono kutetemeka, uzito kupanda haraka. Namwonyesha mama shingo iliyokakamaa inavyokaa, ili akiiona asikimbilie kusema mashetani yamerudi. Aje hapa, ipo dawa ya kuilegeza.

Saa 4:10

Mama wa miaka 46, mfanyabiashara wa samaki. Amejipanga, kitenge kimepigwa pasi, hesabu zake za madeni anazikumbuka hadi shilingi. Lakini anaamini jirani anapenyeza sumu kwenye ukuta usiku, na ana maelezo kamili: bomba gani, saa ngapi, nani alilipwa. Ni nadra mtoto kusuka hadithi ya namna hii. Dhana potofu za watoto huwa vipandevipande, na wao huona vitu mara nyingi zaidi kuliko watu wazima wenye ugonjwa huohuo. Huyu mama alishakomaa kabla ugonjwa haujafika, na ukomavu huo wote bado uko naye.

Wanaume wengi huanza mwishoni mwa ujana hadi katikati ya miaka ya 20. Wanawake huchelewa miaka kadhaa, kisha lipo wimbi dogo la pili wanapokaribia kukoma hedhi. Inadhaniwa homoni ya estrojeni huwakinga kwa muda. Mume wake anauliza kama atapona. Namjibu kwa takwimu ya Shirika la Afya Duniani: angalau mmoja kati ya watatu hupona kabisa, na wengine wengi huishi vizuri na dawa.

Saa 5:40

Binti wa miaka 9, ameletwa kwa sababu anasikia sauti ya bibi yake aliyefariki mwezi wa Ramadhani. Bibi ndiye aliyemlea. Anacheza, anasoma, anakula. Sauti inamwambia alale. Huyu anaomboleza, na hapewi dawa yoyote leo.

Nalisema kwa nguvu kwa sababu haraka ya kuwabandika watoto jina hili inaniumiza. Skizofrenia kabla ya miaka 13 ni nadra mno. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, walioanza kuwakusanya watoto wa aina hiyo mwaka 1990, waligundua kwamba wengi wa waliopelekwa kwao walikuwa na matatizo mengine. Kwa mtoto tunaanza kwa kuuliza ameona nini, amepigwa na nani, amempoteza nani.

Saa 8 mchana

Wali, dagaa, halafu simu kwa mwalimu wa yule kijana, kwa ruhusa ya mama. Mwalimu anataka kujua kama ataambukiza wenzake. Hapana, mwalimu. Namwomba amkalishe mbele, ampe kazi fupi, asimsomeshe ubaoni. Anasema atazungumza na mkuu wa shule.

Saa 10 jioni

Natembelea nyumba mbili mtaa mmoja. Ya kwanza ni ya fundi cherehani aliyeugua akiwa na miaka 29. Dawa zilipomkaa, alirudi kwenye mashine yake. Mikono ilijua kazi, wateja walimjua, mke alimngoja. Ya pili ni ya mwanamume wa miaka 31 aliyeanza akiwa na 14. Sauti zimepungua kama za fundi, pengine zaidi. Lakini hakumaliza shule, hakujifunza kazi, hajawahi kuwa na mchumba, na kupanga siku yake kunamshinda. Fundi alikuwa na pa kurudi. Huyu alikatwa akiwa bado anajenga, na vidonge peke yake havimjengei.

Ndiyo maana kwa kijana wa kidato cha tatu naipigania shule sawa na ninavyoipigania dozi. Kwa huyu wa miaka 31 tumeanza na kitu kidogo: kaka yake ana banda la kuku, na kila asubuhi kuhesabu mayai na kuyaandika ni kazi yake. Mama yake ananionyesha daftari. Kuna kurasa zilizorukwa, lakini wiki hii imejaa.

Saa 12:20 jioni

Simu ya mwalimu. Mkuu amekubali: kijana atahudhuria vipindi vya asubuhi tu, na Januari atarudia kidato cha tatu. Nampigia mama.

"Aanze lini, sista?"

"Tumpe wiki mbili alale vizuri kwanza. Jumatatu itakayofuata baada ya hapo, mama."