Leo nimekanyaga Kilwa Kisiwani

Jamani nimerudi Kilwa Masoko, mji wa ng'ambo ya kisiwa, sasa hivi, nguo bado zina chumvi ya bahari na hata hamu ya kula sina.

Kilwa tulisoma wote shuleni, dhahabu ya Sofala kule Msumbiji, masultani, yule msafiri wa Morocco Ibn Battuta kufika 1331, ukishamaliza mtihani basi umesahau.

Leo nimevuka na mashua. Cha kwanza kukiona ni Gereza, ngome ya Wareno ya 1505, ila kuta nyingi zilizosimama sasa ni za Waomani waliokuja kujenga juu yake.

Halafu Msikiti Mkuu. Upande wa kaskazini ndo wa zamani zaidi, karne ya 11, ukisogea hatua chache tu uko kwenye matao na kuba walizoongeza baadae, yaani unatembea miaka mia kadhaa na hujatoka jasho.

Lakini kilichonikaa moyoni ni kitu kidogo sana.

Nimeinama kufunga kamba ya kiatu nikaona kigae cha bakuli la Kichina, kijani kilichofifia, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Kuna mtu alikula humo. Nikakigusa, nikakiacha palepale (tafadhali msiokote vitu jamani).

Mzee aliyekuwa anatutembeza akasema tu, "Hao ni babu zetu."

Koo likanikaba, nikashindwa kumjibu.

Nani ashafika huku? Na Husuni Kubwa, lile gofu la kasri la sultani, bwawa lake la pembe nane mlilionaje? Nionyesheni picha zenu.