Mbavu za ng'ombe kwenye mkaa, bila kuzichemsha kwanza

Mbavu za ng'ombe kwa kawaida hupita kwenye sufuria kabla ya kufika kwenye wavu. Ndivyo nilivyokuta kwa mama, na ndivyo wafanyavyo wachomaji wengi: zinachemshwa na chumvi na tangawizi mpaka zilainike, kisha zinababuliwa motoni zipate rangi. Zinalika, sikatai. Ila utamu mwingi umeshabaki kwenye supu. Mimi nilitaka mbavu ziingie motoni zikiwa mbichi, zitoke zikichuruzika mafuta, na baba mkwe ambaye meno yamempungua aweze kuzitafuna bila kuhangaika. Siku hizi naweza, na naandika kwa sababu nusu ya kazi yenyewe hufanyika bucha, wala si jikoni.

Ugumu wa mbavu una sababu yake. Nyama ya hapo ina mafuta na ladha nzito, lakini imejaa kolajeni, zile nyuzi nyeupe na ile ngozi nyembamba iliyoshikamana na mfupa. Kolajeni haina haraka. Inataka ipikwe polepole kwa saa kadhaa ndipo iyeyuke, na ndiyo maana watu wanachemsha. Tena ng'ombe wetu wengi ni wa kienyeji, wamekula majani na kutembea sana. Ladha yao naipenda kuliko ya ng'ombe wa kunenepeshwa, ila nyama yao haikubali kuchomwa mapande makubwa kwa moto wa haraka.

Suluhisho nililipata kwa Wakorea. Wao wana chakula kinachoitwa galbi, mbavu zilizokolezwa viungo na kuchomwa mbele ya mlaji, na mji wa Suwon unasifika kwa hilo. Zipo namna mbili za kukata. Ya zamani ni kuchukua mfupa mmoja na kuifungua nyama yake kwa kisu mpaka iwe karatasi ndefu nyembamba iliyoshika mfupa. Ya pili, inayohusishwa na Wakorea wanaoishi Los Angeles, ni kupitisha msumeno kukatisha mifupa, ukapata vipande virefu vyembamba, kila kimoja kikiwa na vijifupa vitatu au vinne pembeni. Hii ya pili ndiyo ya kwetu. Kipande kikiwa chembamba, zile nyuzi ngumu nazo zinakuwa zimekatwa fupi fupi, na meno hayapati cha kuvutana nacho.

Kwa hiyo nenda bucha yenye mashine ya kukatia mifupa. Shoka na gogo havifai hapa, vinapasua mfupa na kukuachia vipande vyenye ncha ndani ya nyama. Muuzaji wangu aliposikia mbavu alishika kipande na kuniuliza, "Dada, za supu?" Nikamwambia, "Hapana kaka, za kuchoma. Nikatishie mifupa, unene wa sentimita moja, usizidishe." Alinitazama kidogo, akakata kimoja, akanionesha, nikamkubalia. Siku hizi akiniona anajua. Ukienda asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, utahudumiwa kwa utulivu, maana kazi hii inamchelewesha. Ukifika nyumbani suuza vipande kwa maji ya baridi kuondoa unga wa mfupa ulioachwa na msumeno, halafu vikaushe vizuri kwa kitambaa safi.

Kwa kilo 2 natwanga kichwa kizima cha kitunguu saumu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Naongeza kijiko kidogo cha pilipili manga, kijiko kidogo cha binzari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, vijiko vikubwa vinne vya soya sosi na viwili vya mafuta. Chumvi siongezi, soya sosi inatosha. Vipande vinalala kwenye friji usiku kucha ndani ya bakuli lenye mfuniko. Chumvi ndiyo inayopenya ndani ya nyama. Saumu na viungo vingine kwa sehemu kubwa hubaki juu, ndiyo maana kipande chembamba kinakolea kuliko pande nene. Ndimu siiweki usiku, kwa sababu ikikaa muda mrefu inaibadilisha nyama juu kabla haijaona moto. Ndimu inangoja mezani.

Sasa papai. Watu wa pwani tumelitumia papai bichi kwenye mishkaki tangu zamani, na Wakorea kwenye galbi wanaweka pea iliyokwanguliwa. Papai lina nguvu zaidi. Chagua lililo bichi kabisa, ambalo ukilichana linatoa utomvu mweupe. Ndani yake mna papaini, kimeng'enya kinachovunja protini. Kijiko kikubwa kimoja cha papai lililokwanguliwa kinatosha kilo 1, na linaingia siku ya kuchoma, saa moja kabla ya moto. Usilichanganye na viungo vya usiku. Likilala na nyama, asubuhi juu utakuta uji, na hakuna moto utakaourudisha kuwa nyama. Saa moja inaonekana fupi, lakini papaini hufanya kazi kwa nguvu zaidi nyama inapofika kama nyuzijoto 60 hadi 70, kwa hiyo inaendelea kulainisha pale pale juu ya wavu mpaka joto lenyewe liizime.

Mkaa nataka mzito, wa mti mgumu. Nauacha mpaka makaa yafunikwe na jivu la kijivu na moshi uishe, kisha nayasogeza upande mmoja wa jiko, upande wa pili ubaki na joto dogo. Mpango huo ndio unaookoa mbavu. Mafuta yakidondoka kwenye makaa, moto unaruka na kuacha masizi machungu. Ukiona miali inapanda, hamisha vipande kwa koleo kwenda upande wa pili na usubiri itulie. Usinyunyize maji, utapandisha jivu likatue juu ya chakula. Kabla ya kuweka nyama nakwangua papai lililobaki juu yake, maana linaungua haraka, na wavu naupaka mafuta ukiwa tayari umepata moto.

Dakika tatu hivi kila upande zinatosha. Wakati huo sihami jikoni hata mtu akibisha hodi. Vipande vyembamba havimsubiri mtu. Dakika ya mwisho ndipo napaka rojo la ukwaju lililochanganywa na asali, nageuza mara moja kila upande, natoa. Wakorea wanatia sukari tangu mwanzo, na kwa moto wao wa mezani, mtu akiwa amekaa anageuza muda wote, inawezekana. Kwa jiko letu la mkaa, ambalo joto lake hulitawali sana, sukari iliyoingia mapema inakuwa nyeusi kabla nyama haijaiva.

Mezani naweka kachumbari yenye pilipili, ndimu, na ndizi za kuchoma zilizomalizia kwenye makaa yanayofifia. Wakorea hukata nyama kwa mkasi mezani, nami nimeuchukua utaratibu huo kwa moyo wote: napita na mkasi safi katikati ya vijifupa, na sahani ya baba mkwe inakwenda imeshakatwa kabisa. Anakula mwenyewe, kwa raha yake, bila mtu kumchambulia.

Ukikatiwa mbavu nyingi kwa siku moja, za akiba zitie kwenye viungo vyote isipokuwa papai, zigawe kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja, zigandishe. Siku ya kula ziyeyushie ndani ya friji tangu usiku, na papai lifuate saa moja kabla ya moto.